Kadi Mbili, Namba Moja

Jumatatu, 3 Machi

Kikao cha asubuhi. Viti sita, watu saba. Aliyesimama ni mimi, fundi wa kompyuta wa kituo hiki cha redio kwa miaka sita. Fundi umeme amekaa, tena amejitanua kama bwana harusi. Huyu ni kaka wa mke wangu. Kila mtu anamwita Koleo kwa sababu hatembei bila koleo mfukoni, hata msibani. Mtu wa waya mbili, nyekundu na nyeusi. Mwonyeshe wa tatu, ataomba likizo.

Meneja akatangaza: Jumamosi kituo kinatimiza miaka thelathini. Saa nne kamili asubuhi tutarusha saa nzima ya sauti za zamani.

Sauti zenyewe ziko ndani ya Jeneza. Jina hilo nimelitunga mimi. Ni mashine ndefu ya kijivu iliyolala kwenye chumba cha kumbukumbu, inatumia mfumo wa kale wa ukoo wa Unix. Skrini nyeusi, herufi nyeupe, kila kitu ni kuandika amri. Hakuna cha kubofya. Imebeba rekodi elfu tatu, na kanda zilikotoka sauti hizo zililiwa na ukungu zamani. Wiki iliyopita radi iliunguza kadi yake ya mtandao, kwa hiyo hakuna sauti inayoweza kutoka kwenda kwenye mashine mpya ya studio.

Meneja akauliza nani ataweza. Kabla hajafunga mdomo nikasema ni kazi ya dakika kumi.

Bi Kanda akanitazama juu ya miwani. Ndiye mtunza kumbukumbu, mama wa makamo yaliyopitiliza, anaongea na mashine kama anaongea na mbuzi wake. Akaniuliza kwa upole kama nimewahi kusoma maandishi ya ile mashine. Nikamjibu kwamba fundi hasomi maandishi, maandishi ni ya wasioona kwa macho yao. Koleo akacheka. Anacheka nini? Hata bili ya umeme anasomewa.

Mwisho wa kikao Meneja akaongeza jambo: baada ya sherehe atamteua Mkuu wa Ufundi. Ni ama mimi, ama Koleo. Mkuu ana ofisi yenye dirisha na kiti kinachozunguka chenye mikono miwili.

Nimeshakijaribu kiti hicho, Meneja alipokwenda kula. Kinanikaa.

Jumanne, 4 Machi

Nimelifungua Jeneza. Vumbi la kutosha kupandia mahindi. Chini ya kifuniko palibandikwa karatasi iliyogeuka manjano, imejaa namba za kalamu ya wino. Mwandiko wa mtu aliyekuwa na muda mwingi. Nikaibandua, nikaikunja mara nne, nikaisokomeza chini ya mguu wa meza uliokuwa unayumba. Meza ikatulia. Hayo ndiyo matumizi ya karatasi.

Kadi iliyoungua nikaitupa ndani ya droo yangu. Nikapachika nyingine niliyoitoa kwenye mashine mbovu ya stoo. Nikawasha. Maandishi yakashuka kwenye skrini kama mvua. Kadi imeonekana! Nikaita mashine ya studio kwa mtandao, ikaitika. Nikatazama saa: dakika tisa.

Nikaenda kumleta Meneja mwenyewe ashuhudie. Bi Kanda naye akaja, hakuna aliyemwalika. Akaeleza kwamba mashine mpya haina nafasi ya rekodi zote, na rekodi hazina majina, zina namba tu, kwa hiyo lazima azisikilize pale pale kwenye Jeneza, achague moja moja, ndipo azipeleke studio. Akavaa visikilizio, akaandika amri. Kisha akavivua, akafungua spika ili sote tusikie.

"Ha-ha-ha-ha-ha," ikasema spika. Kimya. "Ba-ba-ba-ba." Kimya.

Ilikuwa sauti ya mtangazaji wa kwanza wa kituo, marehemu mume wa Bi Kanda. Maisha yake yote alisifiwa kwa kutamka maneno kama anayamenya. Sasa anakokota kwikwi kama mbuzi aliyemeza kamba. Bi Kanda akazima spika haraka. Na mtandao nao, kuangalia, umekufa.

Meneja akanigeukia. Nikasema ni umeme. Umeme wa jengo hili ni mchafu, na sitaki kumtaja mtu. Kisha nikamtaja.

Jumatano, 5 Machi

Asubuhi na mapema Koleo kaja na mita yake. Amepima tundu la ukutani. Amepima waya. Amepima Jeneza. Alipomaliza alipima na tundu la birika la chai, kwa kiburi tu. Kila kitu safi. Kisha akaandika vipimo kwa kalamu nene, akavibandika kwenye ubao wa matangazo, kati ya zamu za walinzi na tangazo la miwani iliyopotea. Chini yake ameandika: UMEME HAUNA KOSA. Wafanyakazi wanasimama kusoma kama matokeo ya mtihani.

Mchana nilipokwenda nyumbani kula, mke wangu alikuwa ameshapata habari. Kaniambia, "Baba Watoto, kaka yangu amepima. Na wewe pima, basi, badala ya kusema." Familia yenye mita ni mzigo.

Niliporudi, Bi Kanda alikuwa ananisubiri. Kanieleza kama anamweleza mjukuu. Kila kadi ndani ya mashine ina namba yake ya kuitia ubongo wa mashine. Ikitaka kusikilizwa, inapiga namba yake. Kadi ya sauti inatumia namba tano. Hii kadi niliyoipachika nayo ipo kwenye tano.

"Mwanangu, simama uani uite 'Baba!'" akasema. "Wanageuka wanaume wangapi? Basi mashine ikisikia tano haijui kaita nani. Inamkimbilia huyu, yule anakatika."

Mashine za siku hizi zinagawana namba zenyewe bila ugomvi. Hii ya kale inasubiri binadamu mwenye akili aipangie.

Nikatikisa kichwa polepole, kama mwalimu anayemsikiliza mwanafunzi akikaribia jibu. Nusu saa baadaye nilikuwa kwa Meneja nikimweleza habari ya uani na "Baba!" kwa sauti yangu. Ilimvutia sana. Akaandika.

Namba inabadilishwa kwa jampa: kifuniko cha plastiki kidogo kama punje ya mchele, unakitoa kwenye vipini viwili vya kadi na kukivika vipini vingine. Bi Kanda akataka tutafute kwanza namba ipi iko wazi. Akauliza karatasi ya chini ya kifuniko iko wapi. Nikasema sijaona karatasi. Ni kweli, kwa wakati ule sikuwa nikiiona.

Kesho naweka tatu. Tatu ni namba nzuri. Mafiga ni matatu.

Alhamisi, 6 Machi

Saa tatu na ushei asubuhi nikaweka tatu. Ushindi! Sauti safi, mtandao safi. Marehemu anatamka "habari" mara moja tu, kama Mungu alivyokusudia. Bi Kanda akaanza kusikiliza na kuchagua. Nikapita mbele ya Koleo mara nne nikipiga mluzi.

Saa tano na robo simu ya mapokezi ikaanza kulia, haikunyamaza.

Kumbe ile saa nyekundu ya ukutani ndani ya studio hupewa muda na Jeneza, kupitia waya uliochomekwa tundu la pili nyuma yake. Na tundu la pili lina namba yake ya wito. Tatu. Saa iligota kwenye saa tatu na dakika arobaini tangu nilipoweka jampa kwenye tatu. Mtangazaji wa zamu ni mtu mtiifu kupindukia. Anasoma anachokiona. Kwa saa moja na nusu, kila baada ya wimbo, amelitangazia taifa zima la wasikilizaji kwamba ni saa tatu na dakika arobaini. Mwalimu mkuu mmoja amepiga simu: watoto wake hawajatoka kwenda mapumziko bado, kengele yake anaipiga kwa kutusikiliza sisi. Bibi mmoja amekunywa dawa yake mara mbili kwa sababu muda haukusogea. Meneja mwenyewe, aliyekuwa anasikiliza ndani ya gari, amefika kwenye mkutano wa wadhamini wakati wanakunja viti.

Nikasema saa iko ukutani, na vya ukutani ni vya fundi umeme. Koleo akanijibu mbele ya watu: "Shemeji, msumari ni wangu. Waya ni wako." Wakacheka. Hata mlinzi, ambaye kwa kawaida hulala macho wazi.

Nikahamisha jampa kwenda saba. Saa ikaendelea kutembea. Sauti nzuri. Mtandao mzuri. Nikamwonyesha kila mtu.

Saa saba, taarifa ya habari. Habari zinachapwa na printa iliyounganishwa kwenye Jeneza, jambo ambalo hakuna aliyeniambia, isipokuwa Bi Kanda, na nilidhani anaongea na mashine. Printa ikatoa karatasi nusu, ikagoma. Msomaji akaingia hewani na nusu yake. Akasoma vizuri sana, kwa uzito, hadi mwisho wa wino: "Na wakazi wote wanaonywa vikali, kwa usalama wao na wa familia zao, wasithubutu kabisa."

Akanyamaza. Akasema, "Mwisho wa habari."

Simu zote. Wasithubutu nini? Mwanamke mmoja amesema hajathubutu kutoka chooni. Jirani yake amefunga duka.

Meneja hakupaza sauti. Alinitazama tu, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena kama mtu anayetumaini kuona kitu tofauti.

Ijumaa, 7 Machi

Siku ya aibu. Ya wengine.

Nilifika kabla ya wote ili nimalize kimyakimya. Nikachomoa jampa. Ikaniponyoka. Nikapiga magoti kwenye zulia nusu saa nzima, nikapata pini mbili, kifungo na jino ambalo sitaki kujua ni la nani. Jampa, hakuna.

Mtu mwingine angekata tamaa. Mimi nikachukua karatasi ya kung'aa ya peremende, nikaisokota, nikaibana kati ya vipini. Chuma ni chuma. Sikuwa na hakika ni vipini vipi, kwa hiyo nikabana kadhaa.

Nikawasha. Mistari mitatu ikashuka. Wa nne ukasema diski haionekani.

Nikazima, nikawasha. Diski haionekani. Nikalipiga Jeneza ubavuni, kwa kiasi. Diski haionekani. Diski ndiyo yenye rekodi elfu tatu.

Bi Kanda akaingia na chupa yake ya chai. Akasoma skrini. Alivuta kiti, akakaa, akaweka mikono mapajani. Sijawahi kuiona mikono yake imetulia. Akasema, bila kunitazama, kwamba alikuwa amefika rekodi ya elfu moja na mia tisa jana jioni, na hiyo anayoitafuta hajaifikia bado.

Nikamuuliza ni ipi.

"Ya siku ya kwanza," akasema. "Kabla kituo hakijafunguliwa. Alikuwa anajaribu kipaza sauti. Nimeisikia mara moja tu, siku ile ile. Sijui ni namba ngapi."

Nikasema tutapata nyingine. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Nyingine itoke wapi?

Hapo akaingia Koleo, kama kawaida ya mtu asiye na kazi. Akainama kupima kitu, akajishika kwenye meza, meza ikayumba, karatasi ikachomoka chini ya mguu. Bi Kanda akaiokota. Akaikunjua mara nne. Akaujua mwandiko kabla hajaisoma, niliona usoni. Ni wa mumewe. Kumbe mashine aliipanga yeye, na chini ya kifuniko aliandika kila namba na mwenyewe: tatu saa ya studio, tano sauti, saba printa, kumi na nne diski. Chini kabisa, kwa herufi kubwa: KUMI NI YA MTANDAO. HAINA MTU MWINGINE. MWENYE KUFUNGUA ASOME KWANZA.

Koleo akasoma kwa sauti. Mara mbili.

Kisha Bi Kanda akafungua Jeneza, akatoa karatasi yangu ya peremende kwa kibanio, akaiweka mezani mbele yangu kama mtu anayerudisha kitu kilichosahauliwa. Akaomba jampa. Koleo akauliza kama kadi iliyoungua haina. Tukafungua droo yangu. Ipo. Tena jampa yake bado imekaa kwenye kumi, mahali pake, siku zote nne.

Bi Kanda akaivika kadi mpya, kwenye kumi. Akafunga. Akawasha. Diski ikaonekana. Sauti. Mtandao. Saa ya ukutani ikahesabu. Printa ikatoa karatasi nzima. Koleo alikuwa anatazama saa yake ya mkononi, akatangaza kwamba imechukua dakika kumi kamili.

Nami nikawatangazia kwamba nimemruhusu Bi Kanda ajaribu. Hakuna aliyesikia.

Jumamosi, 8 Machi

Wageni, maua ya plastiki, spika mbili uani. Meneja kavaa tai inayomnyonga.

Bi Kanda alikuwa kwenye Jeneza tangu alfajiri. Nilipita mlangoni mara kadhaa, kwa ukaguzi. Saa nne kasorobo akaita. Hakuita jina la mtu, aliita tu. Nikaingia kwa kuwa nilikuwa karibu. Akanipa upande mmoja wa visikilizio.

Mkwaruzo. Mtu anakohoa. Halafu ile sauti, ya kijana kuliko nilivyoizoea: "Moja, mbili, tatu. Moja, mbili. Haya ni majaribio. Mke wangu, kama redio imekamata, na unanisikia, nenda katazame jiko. Nimesahau maharage."

Bi Kanda akacheka. Akacheka sana, mkono mdomoni, kisha akageukia ukuta. Akasema tu, ukutani, "Yaliungua yote." Chumba kile kina vumbi, macho yangu hayapatani na vumbi.

Akaandika amri, rekodi ikaenda studio. Ilipita kwenye kadi niliyoipachika mimi. Hilo liandikwe.

Saa nne kamili rekodi hiyo ikafungua kipindi. Uani watu walicheka. Mpishi wa sherehe alikimbia kutazama masufuria yake.

Kisha hotuba. Meneja amemshukuru Bi Kanda kwa jina, watu wamesimama. Amemshukuru marehemu. Amemteua Koleo kuwa Mkuu wa Ufundi, kwa sababu, nanukuu, hupima kabla ya kusema. Mwisho amewashukuru "na wengine wote." Nilikuwa miongoni mwa wengine wote, mstari wa pili, karibu na jenereta.

Mke wangu alipiga vigelegele. Nikamuuliza anampigia nani. Akasema shughuli ni shughuli.

Jumapili, 9 Machi

Chakula cha mchana kwa mama mkwe, kumpongeza Mkuu. Koleo alieleza habari ya uani na "Baba!" mezani. Watoto wangu wawili wameirudia siku nzima. Kila wakiita, nageuka mimi na yeye anageuka. Hana mtoto! Anageukia nini?

Mama mkwe akaniuliza kwa huruma kama sasa nitakuwa chini ya shemeji yangu. Nikamweleza kwamba cheo ni mzigo, na mimi ni mtaalamu, na mtaalamu huwa pembeni ili aone vizuri. Akaniongezea mchuzi.

Alhamisi, 13 Machi

Mambo yamenyooka. Chuo cha ushonaji, mtaa wa nyuma, kimesikia habari za mashine yetu. Mkuu wa chuo, mama mmoja makini, aliomba kituo kimpeleke mtu awafundishe wanafunzi kuhusu migongano ya kadi kwenye mashine za kale. Barua ilimwulizia Bi Kanda. Bi Kanda yuko likizo. Barua ilipita mezani kwangu. Nimekwenda.

Wanafunzi kumi na wanane, wameketi nyuma ya cherehani, kalamu tayari. Heshima kama hii sijaipata nyumbani wala kazini. Nimewaeleza kila kitu kilichotokea, nikiondoa watu wasio wa lazima. Mmoja akauliza inakuwaje fundi ajue namba ipi iko wazi. Nikamjibu kwamba fundi aliyeiva anaihisi vidoleni. Wote wameandika hivyo.

Chuo kina kompyuta moja, ya ukoo ule ule, imebeba vipimo vya wateja wao wote na mitindo yote ya miaka kumi na moja. Haina tatizo lolote, haijawahi kuwa nalo. Nikaona huwezi kufundisha mgongano bila mgongano. Nikafungua kifuniko, nikahamisha jampa ya kwanza niliyoiona. Na ya pili, kwa mfano ulio wazi zaidi.

Imezima. Haiwaki.

Wanafunzi wamevutiwa mno. Mkuu wa chuo akasogea, akatazama skrini, akaniuliza kwa adabu sana sasa inarudishwaje.

Nikafunga begi langu. Nikamwambia hilo ni somo la pili.